Anayechelewesha Ndiye Alipe

Leipzig, Ujerumani

Ndugu zangu wa Thika na Ruiru,

Nawaandikia nyote, wazazi kwa vijana, na hasa ninyi makomredi, wanafunzi mnaojaza vyumba vya kupanga kuanzia Kahawa hadi Makongeni. Ukanda wenu umejaa vyuo vikuu: Kenyatta pale Kahawa, Zetech Ruiru, Jomo Kenyatta Juja, kisha Mount Kenya na Gretsa mjini Thika. Wanafunzi ndio wanaoutia uhai. Kwa ajili yao matatu hupakwa rangi na kufunguliwa muziki, vibanda hupika chapati na madondo hadi usiku, na Jumamosi kundi la marafiki huchangishana nauli kwenda kuona maporomoko ya Fourteen Falls. Wazee wengi huziona starehe hizi kuwa upuuzi wa umri. Mimi naziona kuwa sehemu ya elimu yenyewe, kwa sababu humo ndimo kijana anamochagua marafiki, anamojifunza kubishana bila kugombana na kugundua anachokipenda. Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Kwa hiyo ofisi inayompotezea kijana muda wake inamnyang'anya mali isiyoweza kurudishwa, nami nashikilia kwamba anayechelewesha ndiye anayepaswa kubeba hasara ya kuchelewa.

Hebu tuitazame njia anayopitia mwanafunzi. Akitimiza miaka 18 anahitaji kitambulisho, na bila kitambulisho milango mingi imefungwa, ukiwemo wa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995. Atatafuta sahihi na mihuri, namba ya mlipakodi ya KRA na wadhamini, na kila ofisi itamwambia alete kwanza karatasi ya ofisi nyingine. Pesa zikichelewa, mwenye nyumba hangoji. Alama za somo moja zikipotea, idara humtuma kwa mhadhiri, mhadhiri humrudisha idarani, na jina lake hukosekana katika orodha ya mahafali ilhali mtihani aliufanya. Mwaka 2023 ukaja mfumo mpya wa ufadhili, ambao baadaye ulizipanga familia katika madaraja matano. Daraja la chini lilitakiwa kulipa asilimia 5 ya karo, la juu asilimia 40, na pengo hilo lilitegemea majibu ya fomu iliyojazwa mtandaoni. Wanafunzi wengi walilalamika kwamba wamewekwa daraja lisilowafaa. Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, na serikali ikakata rufaa. Muda wote huo wa mabishano, aliyekosa karo na kulala akihesabu siku ni mwanafunzi. Waliobuni mfumo mishahara yao haikukawia.

Msidhani huku Ujerumani hakuna karatasi. Mgeni hutakiwa kuandikisha anwani yake ndani ya wiki mbili. Mwanafunzi anayeomba viza huthibitisha kwamba anazo pesa za kujikimu, na tangu Septemba 2024 kiwango cha kawaida ni yuro 11,904 kwa mwaka. Miadi katika ofisi za wageni ni adimu, na barua za serikali zimeandikwa kwa lugha ambayo hata Wajerumani huilalamikia. Tofauti iko katika jambo moja: sheria humwekea afisa saa. Uamuzi wa maandishi lazima utaje sababu zake. Chini ya barua huandikwa mahali pa kupeleka pingamizi na siku za kufanya hivyo, kwa kawaida mwezi mmoja. Ofisi ikisahau kuyaandika hayo, mwombaji hupata mwaka mzima. Ofisi isipojibu kwa miezi mitatu bila sababu ya kutosha, mtu anaweza kwenda mahakamani. Na katika BAföG, msaada wa serikali kwa wanafunzi ulioanza 1971, anayeomba kwa mara ya kwanza asipopata uamuzi kwa wiki sita, au malipo kwa wiki kumi, sheria inaamuru alipwe sehemu kubwa ya pesa hizo kwa miezi minne huku ofisi ikiendelea na hesabu zake. Hapo mzigo wa kuchelewa umemhama mwanafunzi na kuiangukia ofisi.

Na muda ukishalindwa, vijana huutumia. Hapa Leipzig kuna Moritzbastei, mabaki ya ngome ya kale ambayo wanafunzi waliyafukua kwa kujitolea kuanzia 1974, Angela Merkel, chansela wa baadaye, akiwa mmoja wao, wakayafanya ukumbi wa muziki na mazungumzo ambao ungali wazi. Makomredi wa Juja na Thika hawakosi nguvu ya namna hiyo. Wanakosa wiki ambazo foleni imezila.

Wapo watakaosema kwamba subira huvuta heri, na taabu humkomaza kijana. Taabu ya kusoma humkomaza kweli, kwa kuwa mwisho wake anajua ambacho jana hakukijua. Foleni isiyo na tarehe humfundisha jambo jingine, kwamba haki hupatikana kwa kujuana au kwa kutoa kitu kidogo, na somo hilo atalibeba siku naye atakapokalia kiti cha afisa. Wengine watasema ulaghai ni mwingi, lazima nyaraka zikaguliwe. Zikaguliwe, ila mwombaji apewe risiti yenye tarehe ya jibu. Wapo pia wanaoamini eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, imemaliza tatizo. Imepunguza safari, lakini ombi lililokwama kwenye mtandao halina hata mtu wa kuulizwa. Hoja nzito zaidi ni kwamba Ujerumani ni tajiri. Ni kweli, na sidai Kenya iige yuro zake. Kuandika sababu ya kukataa na kutaja tarehe ya jibu ni gharama ya wino.

Tena Kenya haianzi mwanzo. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa haraka na kwa uadilifu, na ya kupewa sababu kwa maandishi anapodhuriwa na uamuzi. Sheria ya 2015 ya utekelezaji wake inasema kwamba mbele ya mahakama, ofisi isiyotoa sababu huchukuliwa kuwa haikuwa na sababu nzuri, isipothibitishwa vinginevyo. Kasoro ni kwamba sheria hiyo hiyo inaipa ofisi hadi miezi mitatu kutoa sababu hizo, muda ambao humaliza karibu muhula mzima.

Basi makomredi, viongozi wenu wa wanafunzi wanapokuja kuomba kura kwa nyama choma na fulana, waulizeni watadai nini. Wadai siku maalumu za kurudisha alama zilizopotea, na siku hizo zikipita, karo ya muhula wa ziada ilipwe na chuo. Wadai mwanafunzi anayesubiri uamuzi wa HELB asizuiwe kufanya mtihani. Nanyi andikeni kila ombi, wekeni nakala, na msipojibiwa fikeni kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo iliundwa 2011 kupokea malalamiko ya aina hii. Wazazi, msiwaambie wavumilie. Wasindikizeni.

Ndimi ndugu yenu wa ughaibuni.