Saa Isiyo na Fundi Wake

Saa ya kwenye dashibodi haijawahi kuwa na fundi wake. Ukimpelekea fundi saa anaona waya mbili zimetokeza nyuma, anakurudishia. Ukimpelekea fundi umeme wa magari, akishaifungua na kukutana na magurudumu ya meno madogo kama punje za ulezi, anafunga haraka na kusema hayo ni mambo ya watu wa saa. Ndiyo maana magari mengi ya zamani niliyowahi kukalia yalikuwa na kila kitu kizima, hadi kiwashio cha sigara, ila saa imeganda palepale ilipokatia tamaa. Marehemu baba aliingia katika pengo hilo akapata riziki yake humo. Mimi nilimfuata, na nimeishi kuliona pengo lenyewe likihama.

Baba alikuwa fundi saa wa kibarazani, Kariakoo, Dar es Salaam, mbele ya duka la vitambaa. Meza ndogo yenye kabati la kioo, kibano, bisibisi nyembamba, chupa ya oili ya kuchovya kwa ncha ya sindano, na lenzi ya jichoni ambayo ilimwachia alama ya duara chini ya nyusi mpaka anazikwa. Kazi aliifundishwa na Mhindi mmoja wa Mtaa wa India, ambaye alimkataza jambo moja tu: asiguse kitu chenye umeme. Mkate wetu ulitoka kwenye saa za mkononi. Saa za magari zilikuja kwa njia ya uani. Mtaa wa Gerezani si mbali, na mafundi magari wa kule waliposhindwa walimtuma kijana na saa imeviringishwa kwenye gazeti, na salamu kwamba mzee ajaribu, ikishindikana basi. Katazo la mwalimu wake likavunjwa hapo. Baba hakuwa na subira na mtu anayekiogopa kitu kabla ya kukifungua.

Nyingi zilikuwa za Kijerumani, za VDO na Kienzle, kutoka kwenye Benzi za miaka ya 60. Ukiitoa ile pete ya chuma inayobana kioo, kazi ya kuinua ukingo kidogo kidogo kwa kisu butu bila kuikunja, ndani unaikuta saa ya kawaida kabisa: springi, magurudumu, na lile gurudumu la kuyumba linalopima mwendo. Ila springi yenyewe ni dhaifu, hubeba mwendo wa dakika moja au mbili tu. Nguvu ikikaribia kwisha, kijimkono kinashuka na kugusa ncha ya shaba. Umeme wa betri unapita kwenye koili, koili inageuka sumaku, inakirusha kijimkono juu, na springi imejaa tena. Nje unasikia mlio mmoja mkavu, tak, kisha kimya mpaka zamu nyingine. Kwa hiyo si kweli kwamba saa hizo ziliendeshwa na umeme. Ziliendeshwa na springi, umeme ulikuwa mtumishi wa kutia ufunguo. Za kale zaidi mtumishi huyo alikuwa dereva mwenyewe, kwa sababu zilikuwa za kujazwa kwa mkono, na ukizijaza zilikwenda siku nane.

Mlio huo una historia yake. Mwaka 1958 Rolls-Royce walitangaza gari lao Marekani kwa tangazo la David Ogilvy lililodai kwamba kwa mwendo wa maili 60 kwa saa, kelele kubwa kuliko zote ndani ya gari ni ya saa ya umeme. Ogilvy mwenyewe alisimulia kwamba mhandisi mmoja wa kiwanda, aliposomewa, alijibu tu kwamba umefika wakati saa hiyo ishughulikiwe. Namwelewa sana mhandisi huyo.

Udhaifu wa saa za Kijerumani ulikuwa mmoja, na baba aliujua kwa moyo. Betri ikichoka, koili inapata umeme wa kuipasha moto lakini si wa kukirusha kijimkono. Kijimkono kinabaki kimegusa, umeme unapita bila kukoma, koili inachemka. Wajerumani waliliona hilo mapema, wakaweka kipande chembamba cha chuma kilichokunjwa kwa nguvu na kushikizwa kwa tone la lehemu laini. Koili ikipata moto, tone linayeyuka, kipande kinafyatuka, waya inakatika. Hiyo ndiyo fyuzi yake. Saa inakufa, lakini koili inapona.

Kwa hiyo baba alipoletewa saa iliyofyatuka hakuanza na saa. Alimwambia kijana wa gereji, "Kamwambie tajiri yako akapime betri na dainamo kwanza. Saa nitampa kesho." Vijana walidhani mzee anajifanya anajua magari. Lakini mara nyingi jibu lilirudi kwamba kweli, gari lilikuwa linasukumwa kila asubuhi. Akiwa mezani Kariakoo, bila kuliona gari, aliweza kusema nini kinaliuma.

Tatizo lilikuwa lehemu. Ya mafundi redio ya siku zile huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, na kwa fyuzi ile ni kali mno: unaweza kuirudishia saa ikatembea vizuri, lakini siku betri itakapochoka tena, tone halitayeyuka mapema, litakaloungua ni koili. Wengi walifanya hivyohivyo. Baba alikuwa na kopo la dawa ya meno lililojaa vipande vya fyuzi kutoka kwenye saa zisizotengenezeka, na kutoka humo alikwangua lehemu ya asili, chembe kwa chembe. Alikuwa bahili wa kopo lile kuliko wa fedha.

Na saa ya gari siku zile ilikuwa na kazi. Katika miaka ya kubana mafuta, magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mtu aliyetoka asubuhi kwenda Bagamoyo kuwaona wazee alirudi macho yakiwa nusu barabarani, nusu kwenye dashibodi, mshale mfupi ukiisogelea mbili. Mteja mmoja wa baba, karani wa bandarini, alikuwa na Morris yenye saa iliyochelewa kwa dakika zake maalumu, na aliitaka itengenezwe kwa haraka Jumamosi jioni. Aliogopa polisi kuliko mke.

Gari hilo la karani ndilo lililomfundisha baba mipaka yake. Magari ya Kiingereza ya zamani yalifungwa upande wa chanya kwenye bodi, kinyume na ilivyo leo. Saa zenye springi na ncha za shaba hazikujali. Lakini saa za Smiths zilizofuata zilikuja na transista ndani badala ya ncha, na hizo ziliandikwa kabisa ni za gari la upande gani. Ukigeuza waya, transista imekwenda, bila mlio wala moshi. Baba aliziita saa za wachawi. Alizipokea kwa heshima na kuzirudisha kwa heshima.

Baada ya vita vya Kagera hali ilikuwa ngumu. Fedha za kigeni zilikauka, spea hazikuonekana, gari likawa linaishi kwa kuokoteza viungo vya mengine. Ajabu ni kwamba kwa baba huo ulikuwa wakati mzuri, kwa sababu hakuna aliyetupa kitu. Kilichommaliza kilitoka upande mwingine. Seiko walikuwa wametoa saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi Desemba 1969, wakati huo ghali kama gari dogo. Miaka kumi na kitu baadaye saa za kwatzi zilikuwa zinauzwa barabarani Kariakoo kwa bei ya soda chache. Kipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, betri ya kifungo, plastiki. Ikiharibika unanunua nyingine. Meza ya baba ilibaki na wazee wenye saa za kurithi, na vifurushi vya magazeti kutoka Gerezani.

Kwatzi ikaingia na kwenye dashibodi. Benzi ya W123, iliyoanza kutoka mwaka 1976, ile ambayo zisizo na mita ya mizunguko ya injini zina saa kubwa kabisa upande wa kulia wa spidomita, ilikuwa nayo. Ugonjwa wake maarufu hauna meno wala springi: ni kapasita zinazokauka kwa joto na umri. Hapo ndipo nilipoanza mimi. Nilikuwa najifunza redio kwa fundi wa mtaani, nikaona kapasita kama zile tulizokuwa tunabadilisha kila siku. Kushusha mita kulichukua muda mrefu kuliko tiba yenyewe. Baba aliisikiliza saa ile iliyofufuka, akaniuliza, "Sasa hapa umetengeneza nini?" Hakuwa ananidharau. Alitaka nimwonyeshe kilichosogea, na hakuna kilichokuwa kimesogea.

Kutoka hapo nikaingia kwenye kubadili. Saa ya springi iliyoliwa na kutu, au yenye koili iliyoungua, niliitoa mashine yote na kupachika ya saa ya ukutani ya Kichina. Linasikika kama jambo jepesi. Mashine hiyo inataka volti moja na nusu, gari linatoa 12, na injini ikiwaka zinapanda kuzidi 14. Dawa ni rezista na daiodi mbili zilizofuatana, ambazo kati yao hubakiza kama volti 1.4, injini iwake isiwake. Waliokuwa wavivu walipachika betri ndogo ya tochi nyuma ya dashibodi, na mwaka ukiisha mwenye gari anafungua dashibodi nzima, akiwa na bahati kabla betri haijavuja. Halafu mishale: tundu la mishale ya VDO halilingani na mhimili wa plastiki, nami nilichonga vijibomba vya shaba kutoka kwenye mirija ya kalamu. Halafu joto. Acha gari jua la saa saba Dar es Salaam vioo vimefungwa, uone plastiki ya ukutani itakavyofanya. Na mashimo ya barabarani, yaliyoangusha mishale niliyodhani nimeibana kufa.

Nilifanya nyingi, na sizionei haya. Mtu alitaka saa, akapata saa. Jambo moja nililosisitiza ni kumrudishia mwenyewe mashine ya asili kwenye mfuko wa plastiki, aihifadhi, na kutokata wala kutoboa uso wa saa. Waliotoboa uso ili wapitishe kitufe cha kurekebisha, hao siwezi kuwatetea.

Kisha magari ya mtumba kutoka Japani yakajaa, na habari ikawa fupi. Tarakimu za kijani, vitufe viwili vya saa na dakika. Ukitoa betri kwenye Toyota, saa inaanza upya saa 1:00, na magari mengi mjini yalitembea na saa hiyo ya uongo miaka nenda rudi, wenyewe wakitazama simu. Zikififia, dawa ni kugusa upya viungo vya lehemu vilivyopasuka. Lakini hakuna aliyeleta. Baba alifariki katika miaka hiyo, nami niliajiriwa kwingine.

Kazi ilirudi kwa watu nisiowatarajia. Wameibuka wenye magari ya kale, wanaume wenye fedha zao na wenye subira, wanaolipaka rangi upya gari la babu na kulitoa Jumapili. Hao hawataki kwatzi. Wanataka tak. Mmoja alikuja na Benzi 200 yenye mapezi nyuma, ya miaka ya 60, na humo ndani nikaikuta kazi yangu mwenyewe, vijibomba vya kalamu na vyote. Mashine ya asili ilikuwa bado kwenye mfuko. "Mzee, irudishe kama ilivyokuwa," akasema.

Koili yake ilikuwa imekatika waya mahali, nyembamba kuliko unywele, na macho yangu si yale. Nikaipeleka Kariakoo, jengo la mafundi simu, kwa dada mmoja anayefanya kazi chini ya hadubini. Akaigeuza, akauliza, "Bodi yake iko wapi, mzee?" Nikamwambia haina. Akacheka, akaitazama ile waya iliyonishinda na kusema mbona nene hivi, yeye anaunga za simu. Akaweka jampa kabla sijamaliza kueleza. Nilipomwonyesha fyuzi na kumsimulia habari ya kopo la baba, akavuta droo na kutoa kichupa cha lehemu ya mchanganyiko wa bati na bismathi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 138. Wao huitumia kila siku, wasiunguze vijenzi vya jirani. Ile chembe ambayo baba aliikwangua kwa roho ngumu, inauzwa kwa gramu kwenye kaunta ya simu.

Nilisafisha magurudumu, nikatia oili, nikapangusa ncha za shaba, saa ikagonga. Tajiri alifurahi, akaondoka nayo. Baada ya muda akapiga simu kwa hasira: alikuwa amesafiri, gari limekaa, amerudi saa imekufa, na mimi nimemwibia.

"Gari lenyewe limewaka?" nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo. Limesukumwa, akasema.

"Basi nunua betri kwanza. Saa niletee ukishapata."