Kimya Kabla ya Ubeti

Kaka yangu, Mola amrehemu, aliacha mjini Mtwara nyumba isiyoezekwa, deni dogo la korosho, na Toyota Crown nyeusi ya mwaka 2007 yenye viti vya ngozi. Gari nikalinunua kwa warithi wenzangu kwa bei ya kindugu. Lilikuwa gari la fahari, ila redio yake bubu. Msomaji aliyewahi kununua gari lililotumika Japani anaijua kadhia hii: kule FM ya zama hizo ilianzia megahezi 76 ikakomea 90, na idhaa zetu nyingi zimepanda juu ya hapo hadi 108. Spika zake za kiwandani zilikuwa za karatasi, zenye adabu nyingi, kana kwamba zilitengenezwa kwa ajili ya bwana mkubwa asiyependa kukatizwa mazungumzo.

Mimi nilitaka zaidi, kwa sababu moja tu, nayo ni kanda ya baba. Baba alikuwa malenga, hakutoa kitabu, lakini waliomsikia hawakumsahau. Kanda hiyo ilirekodiwa Kilambo mwaka 1984, katika harusi, kwa redio ya kaseti aina ya National, nami niliihamisha katika kifaa cha kisasa hapa Unguja. Beti kumi na tisa. Nimezisoma mbele za watu mara nyingi, na mswada wake ulikuwa tayari mezani kwangu, jina la baba juu yake.

Fundi niliyempata Mtwara alikuwa kijana mpole mwenye masikio makali. Kioo cha redio hakukigusa, kwani kiyoyozi nacho hutawaliwa humo humo. “Nikikitoa hiki, mzee,” aliniambia, “utasikiliza muziki huku unatokwa jasho.” Badala yake alizifuata nyaya ziendazo kwenye spika, akaipitisha sauti katika kisanduku cha kuirekebisha, kisha katika amplifaya aliyoificha chini ya kiti. Umeme aliuvuta moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi akaiweka shubiri moja tu kutoka hapo, maana waya mnene kama ule ukigusa bati bila fyuzi, gari huungua. Waya wa kurudisha umeme aliufunga penye chuma kitupu, baada ya kukwangua rangi. Pasipo hivyo, alisema, kila ukikanyaga mafuta spika hupiga mluzi. Milango aliigonga kwa kidole, ikalia kama debe. Akaibandika kwa ndani shuka nzito za mpira zenye alumini, akaigonga tena, ikalia kama gogo la mnazi. Tulibishana nusu siku juu ya sanduku la besi alilotaka lijaze buti lote. Nilikubali dogo. Bei sitaitaja, kwa kuwa mke wangu husoma jarida hili.

Kilichonishangaza kilikuja mwisho. Dereva hukaa kulia, na spika ya kulia iko karibu naye kuliko ya kushoto. Sauti hupita hewani kama mita 340 kwa sekunde, basi ile ya kushoto huchelewa kwa kitambo kidogo mno. Kisanduku kile huiamuru sauti ya karibu imngojee mwenzake wa mbali, zifike pamoja. Fundi alipomaliza, sauti ilitoka milangoni ikasimama juu ya dashibodi, katikati, kama mtu. Baba alikuwa pale.

Na hakuwa peke yake.

Baba alikuwa na kimya chake kabla ya kila ubeti. Nimekisifu kimya kile hadharani. Nimekiita pumzi ya msanii. Sasa ndani yake nilisikia mwanamke akinong’ona, kisha baba akiyatoa maneno yale yale kwa sauti kuu. Ubeti wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, mpaka wa mwisho. Katika ubeti wa saba mshororo mmoja umepungua mizani, nami miaka yote nimeutetea kuwa ni inkisari ya makusudi. Yule mwanamke aliunong’ona ukiwa kamili. Baba ndiye aliyeumeza.

Nilijitetea kwamba huenda alikuwa akimkumbusha tu. Lakini katika ubeti wa kumi na nne ananong’ona kina kimoja, anasita, anacheka kidogo, anatoa kina kingine kizuri zaidi. Msomaji wa karatasi hafanyi hivyo.

Nililijua cheko lile. Siku ya pili nikaelekea Kilambo kwa shangazi.

Kilambo ndiko kivuko kilikokuwa kikivusha watu na magari kwenda Namoto, upande wa Msumbiji, na ratiba yake kwa kweli iliwekwa na bahari, kwani maji yakikupwa Ruvuma huwa michanga. Tangu Daraja la Umoja lifunguliwe mwaka 2010 huko juu Mtambaswala kuna njia nyingine, ila ni mbali sana. Nilimkuta shangazi barazani, nikamshika mkono hadi garini, tukateremka mtoni.

“Hili la marehemu?” aliuliza, akipapasa ngozi ya kiti.

“Ndilo, shangazi.”

Nikaiwasha kanda. Alitazama mto. Ulipofika ubeti wa kumi na nne alitabasamu kabla cheko halijatoka kwenye spika. Zilipokwisha zote nilimwuliza, kwa woga ambao sikuwahi kuwa nao mbele yake, tungo zile zilikuwa za nani.

“Baba yako alikuwa na sauti,” alisema. Akanyamaza. “Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Harusi ya watu, mwaka ule, mwanamke angesimama wapi?”

“Ninataka kuzichapisha. Niandike jina gani?”

“Wa saba aliuharibu,” alisema. “Nilimwambia usiku ule ule. Akasema hakuna atakayejua.”

Nikarudia swali langu. Maji yalikuwa yamejaa, kivuko kikaanza kunguruma. Shangazi akaniambia nifunge vioo, nirudishe wa kumi na nne, na niongeze sauti.