Uliza Maji Kwanza, Nyumba Baadaye

Mimi ni komisionere. Hapa Kalemie, Kongo, ndivyo tunavyoitwa sisi tunaowatafutia watu nyumba za kupanga. Ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, Kigoma na Dar es Salaam, husema dalali. Kazi hii niliianza mwaka 2015, jimbo la Katanga lilipogawanywa kuwa majimbo manne na mji wetu ukawa makao makuu ya jimbo la Tanganyika. Zamani mtu akihamia Kalemie, mara nyingi alikuwa na shemeji au mjomba wa kumpokea. Baada ya mgawanyo wakaanza kushuka watu wasio na mwenyeji: makarani wa serikali kutoka Lubumbashi, walimu, wafanyakazi wa mashirika ya misaada, wafanyabiashara wa Uvira na Kigoma. Karibu wote waliniuliza swali lilelile kuhusu kartie, yaani mtaa: “Papa, kartie gani ni nzuri?”

Miaka ya mwanzo nilijibu vibaya. Familia moja ililipia jibu langu kwa karibu kila kitu ilichokuwa nacho, na ndiyo sababu ya kuandika ushuhuda huu.

Ilikuwa kiangazi cha 2019. Mwalimu mmoja alikuja na mke na watoto wanne, akataka nyumba karibu na ziwa. Nikamwelewa. Mtu aliyetoka kwenye vumbi la Lubumbashi akiona ziwa Tanganyika asubuhi, maji yametulia na mitumbwi ya wavuvi inarudi na ndakala, dagaa wetu, moyo wake unakubali kabla ya mfuko wake. Nikampatia nyumba ya simenti kwenye tambarare, hatua chache kutoka ufukweni, robine, yaani bomba la maji, uani na mwembe mkubwa mlangoni. Alitoa garanti, ile amana ya kodi, mimi nikapokea komisheni yangu ya mwezi mmoja, tukaagana kwa furaha.

Mvua zilizofuata zilikuwa nyingi, na za mwaka uliofuata nazo zikaongezeka juu ya hizo. Asiyelijua ziwa hili hudhani mafuriko ni maji yanayokuja kwa kishindo. Mto ndio hufanya hivyo. Ziwa hupanda upana wa kidole leo, upana wa kidole wiki ijayo, na halirudi upesi. Pale kwa mwalimu choo ndicho kilichojaa kwanza. Kisha uwanja ukaanza kutoa maji kutoka chini, hata siku za jua. Mama wa nyumba aliinua kitanda cha watoto kwa matofali: mawili kila mguu, baadaye matatu, baadaye manne. Nilipofika na mkokoteni mwaka 2021 kuwahamisha, nilikuta matofali matano, na godoro limelowa hata hivyo. Mama yule hakunitukana. Aliniangalia akasema, “Papa, wewe ni mtoto wa hapa. Hukujua?”

Sikujua. Lakini kulikuwa na watu waliojua, na mimi sikuwauliza.

Wiki ile nilirudi ufukweni kuzungumza na bibi mmoja aliyezaliwa mtaa ule. Alikuwa anafua. Nikamweleza yaliyompata mwalimu. Hakushangaa. Alinyoosha mkono wenye povu kuelekea ule mwembe wa mlangoni, akaniambia kwamba alipokuwa msichana, baba yake alifunga mtumbwi kwenye shina lake. Hesabu miaka yake na utafika mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati maziwa ya Afrika Mashariki yalipopanda kwa pamoja. Baadaye maji yakashuka, ardhi ikakauka, watu wakasahau, wakajenga. Nyumba niliyompangisha mwalimu ilisimama mahali pa mtumbwi.

Tangu siku hiyo nilianza kulisoma ziwa kama mtu anavyosoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Tanganyika inapokea mito mingi, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, na mlango huo uko hapa kwetu Kalemie. Lukuga ukizibwa na matope na majani, ziwa zima linangoja. Katika miaka ya 1870 ulikuwa umezibika kabisa. Maji yakapanda hadi yalipovunja kizuizi mwaka 1878 na kuanza kukimbilia mto Lualaba. Kwa hiyo kupanda na kushuka ni tabia ya ziwa hili tangu enzi za mababu. Mwaka 2024 lilipanda tena kupita 2021, likaingia katika nyumba za watu, likafunika sehemu za avenue Lumumba na kufika bandarini. Wageni wengi waliona ajabu. Bibi wa ufukweni hakuona ajabu.

Hivyo mteja akiniuliza leo kartie gani ni nzuri, namrudishia maswali mawili. Maji ya ziwa yanafika wapi? Na maji ya kunywa yanatoka wapi? Mtaa ukishindwa moja kati ya hayo, uzuri wake mwingine hautamsaidia.

La pili ni zito kuliko linavyoonekana. Kalemie ni mmoja wa miji ambamo kipindupindu hakikai mbali kwa muda mrefu. Sababu tunaijua: watu wengi bado wanachota ziwani na Lukuga, mabomba ya Regideso, shirika la maji, hayafiki kila mahali, na ziwa likipanda vyoo vya tambarare humwagikia katika maji yaleyale yanayochotwa. Mwenye nyumba ukimuuliza kama kuna maji, atakuonyesha robine. Robine si maji. Niliwahi kumpeleka mteja kwenye lupango, yaani ua wa nyumba, moja karibu na Filtisaf, upande wa kile kiwanda cha nguo cha zamani. Robine ilikuwa inang'aa, imefutwa asubuhi ile. Niliinama nikachungulia mdomoni mwake nikaona utando wa buibui, na chini yake udongo mkavu uliopasuka. Tukatoka bila kuuliza bei.

Sasa nina desturi. Kabla mteja hajatoa hata franga moja, tunaenda mtaani saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo mtaa hauwezi kudanganya. Ukiona bidoni za njano za kuchotea maji zimepangwa mbele ya bomba la watu wote, hesabu. Urefu wa foleni ndio ukweli wa maji ya pale. Ukiona akina mama wanashuka na bidoni kuelekea ziwani, huna haja ya kuuliza tena. Kama mteja ameipenda nyumba bado, namwambia aweke kwenye hesabu yake gharama ya maji safi, na dawa ya kuyatibu, kila mwezi, kana kwamba ni sehemu ya kodi.

Wengine husema basi twende mlimani. Mlima nao una deni lake. Mvua za Kalemie zinachimba makorongo, na nyumba iliyokuwa mbali na ukingo mwaka juzi leo inachungulia shimo. Bidoni ya lita ishirini kichwani kupanda kilima, mara nne kwa siku, ni kazi ya msichana fulani ambaye angekuwa shuleni. Pikipiki za kushuka sokoni na kurudi zinakula mshahara kidogo kidogo. Tena tarehe 5 Desemba 2005 ardhi hapa ilitikisika kwa kipimo cha 6.8, na nyumba zikaanguka, kwa hiyo kuta za zamani lazima zikaguliwe popote zilipo. Mimi huangalia pembe za madirisha. Ufa mwembamba kwenye lipu unaweza kuwa wa lipu tu. Ufa unaokata tofali ukashuka hadi msingi, nyumba hiyo namwachia mwenyewe.

Liko jambo moja ambalo sikujifunza kwa macho. Nilifundishwa na mama mmoja mjane aliyekimbia vijiji vya Nyunzu wakati wa vita vya Watwa na Waluba. Miaka ya 2016 na 2017 maelfu ya watu kama yeye waliingia pembezoni mwa mji, wakakaa katika kambi za vibanda vya majani, na wengine baadaye wakatafuta chumba mjini. Alikuja kwangu na watoto watatu na pesa za chumba kimoja. Nikaanza hotuba yangu ya maji. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akauliza, “Papa, usiku nikipiga kelele, nani atanisikia?”

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimempangia chumba cha pekee, kikavu, chenye bei nzuri, mwisho wa njia, bila jirani. Tulikiacha. Tukapata chumba kidogo zaidi katika lupango la familia nne, uwanja mmoja, jiko la makaa mbele ya kila mlango, na mzee mmoja anayelala barazani kwa sababu ya joto. Kabla jua halijazama, jirani mmoja alikuwa ameshamkopesha moto, na mwingine anamuuliza majina ya watoto. Mama yule bado anaishi pale. Tangu hapo swali lake nimelifanya la tatu kwa kila mteja, awe karani au mkurugenzi.

Na hapa lazima niseme wazi. Wako wenye nyumba wanaoniambia, “Usiniletee watu wa kabila fulani.” Wenye nyumba hao siwafanyii kazi. Mji huu umejengwa na wahamiaji. Reli kutoka Kabalo ilipofika hapa mwaka 1915 ilileta wafanyakazi wa kila lugha. Kiwanda na bandari vikaleta wengine. Uvuvi haujawahi kuuliza kabila. Kiswahili chetu tunachosemezana sokoni ni ushahidi wa hilo. Kartie inayochagua majirani kwa kabila leo, kesho itakosa wa kuitika kelele.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Wengi wanadai sita, na mgeni analipa kwa kuogopa kukosa. Dai risiti, andikeni mkataba, na kabla ya yote mpitie chef wa avenue, mkuu wa mtaa. Yeye anajua kama lupango lina ugomvi wa urithi au limeuzwa kwa watu wawili. Komisionere anayekukataza kuonana na chef wa avenue, achana naye, hata akiwa mimi.

Nimalizie kwa kisa cha juzi juzi. Mwenye nyumba mmoja wa tambarare aliniita nimtafutie mpangaji. Ziwa lilikuwa limeshuka, uwanja umefagiliwa, nyumba imepakwa rangi mpya ya samawati. Niliweka kiganja ukutani, kwenye usawa wa goti langu. Ukuta ulikuwa baridi, na rangi ikabanduka kama ganda la kitunguu. Chini yake palikuwa na mstari wa kahawia umenyooka kutoka pembe hadi pembe: maji ya 2024 yalisimama pale. Nilimwambia, “Mzee, nyumba hii nitakutafutia mtu, lakini nitamwonyesha mstari huu, na bei utaishusha.” Alikasirika. Baada ya siku tatu alinipigia simu akakubali. Mpangaji aliyeingia ni kijana asiye na watoto. Anajua alichopanga, na vitu vyake ameviweka juu ya meza.

Kwako unayehamia Kalemie: njoo uione nyumba mwezi wa nne au wa tano, ziwa likiwa juu, usidanganywe na kiangazi. Amka alfajiri uhesabu bidoni. Tafuta bibi aliyezaliwa pale umuulize mtumbwi ulifungwa wapi. Na kwa wenye nyumba wa mji huu, nawaomba neno moja: ule mstari wa maji ukutani, msiupake rangi. Wacheni uonekane. Mtoto wa mtu atalala kando ya ukuta huo.