Usilipime jua kwa joto

Wampembe,
28 Desemba

Mpwa wangu mpendwa,

Huku ziwani bibi yako hajambo, na dagaa wa juzi wamekauka ingawa mvua inatunyemelea kila jioni. Wiki ijayo mdogo wako anapanda kuja kwako Sumbawanga kuanza kidato cha kwanza, ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kukupigia simu. Ya kwenye simu husahaulika.

Ulisema huko juu hakuna wasiwasi wa jua kwa sababu ni baridi. Mwanangu, hapo ndipo nilipokosea mimi. Mdogo wako alipokuwa na miaka mitano nilimleta Sumbawanga, siku hiyo upepo unavuma na mimi nimevaa koti. Nikamvua kofia. Jioni shingo ilikuwa nyekundu, siku ya tatu yakatoka malengelenge, na kwa usiku mbili alilala kifudifudi akilia. Kosa lile ni langu, sitaki liwe lako.

Miale inayokupa joto siyo inayomchoma. Inayomchoma ni ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni wala ngozi haiihisi inapoingia. Sumbawanga iko kwenye mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Sisi huku ziwani hatuko mbali na 800. Kila ukipanda mita 1,000 mionzi hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi, kwa kuwa hewa ya kuipunguza juu yako imekuwa pungufu. Upepo wa huko Ufipa unampoza tu, haumkingi.

Nikueleze kinachotukinga, maana ukikielewa hutangoja kukumbushwa. Oksijeni tunayovuta ni atomi mbili zilizoshikana, mfano wa mitumbwi miwili ya dagaa iliyofungwa pamoja kwa miti. Viwimbi hata elfu haviivunji miti ile. Lazima lije wimbi moja lenye nguvu ya kutosha. Kwa oksijeni, nguvu hiyo imo kwenye mwanga ambao urefu wa wimbi lake hauzidi nanometa 242, na nanometa moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Mwanga huo ukiikuta oksijeni huko juu sana humezwa, na zile atomi mbili zinaachana. Atomi iliyobaki peke yake haitulii. Inadandia oksijeni nyingine, wanakuwa watatu, na hiyo ndiyo ozoni. Mwingereza Sydney Chapman aliyaeleza haya mwaka 1930. Ozoni kifungo chake ni legevu, kwa hiyo humeza hata mawimbi dhaifu ambayo oksijeni imeyaacha yapite. Sehemu yake kubwa iko kati ya kilometa 15 na 35 juu ya vichwa vyetu, lakini ingekusanywa yote ikashushwa usawa wa bahari, ingekuwa tabaka la milimita 3 hivi. Kila nikiuwaza wembamba huo hunijia hofu na shukrani kwa pamoja.

Kwa kazi ya hao wawili, oksijeni na ozoni, mionzi mikali kuliko yote, ile ya aina C, haifiki ardhini. Ya aina B huzuiwa sehemu kubwa, ya aina A hupita karibu yote. Inayobaki, ngozi yako na yangu huizuia kwa melanini. Mdogo wako ana ualbino; melanini yake ni haba mno, na kazi hiyo lazima ifanywe na nguo.

Basi mikono mirefu kila siku, hata mawingu yakitanda, maana wingu jepesi hupitisha mionzi mingi. Mwishoni mwa Februari jua litapita utosini kabisa kwetu. Siku hizo, kuanzia saa nne hadi saa kumi, asikae uwanjani. Zungumza na mwalimu wake mapema kuhusu kofia na michezo, uende mwenyewe, usimtume mtoto. Mafuta ya kukinga jua ya Kilisun hutengenezwa Moshi, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC. Ulizia hospitali ya mkoa namna ya kuyapata. Asipakwe mafuta kisha akavuliwa kofia.

Bibi yako amemshonea kofia mbili. Ya bluu ndiyo yenye ukingo mpana zaidi, inafunika hadi shingoni. Hiyo ndiyo ya shule.

Mjomba wako