Mali Bila Daftari

Masika yakishaloanisha ardhi ya Salale, kichuguu hufungua mlango. Jana palikuwa udongo mtupu. Alfajiri uyoga umesimama, kofia wazi. Kesho yake umeoza. Uyoga hauna mfupa wa kuacha nyuma, na anayetaka kuujua hana budi kuuandika ungali mbichi.

Si mkono wa mtu ulioupanda. Mchwa hulima kuvu chini ya ardhi, wakailisha miti na majani makavu. Ndiyo maana shina la uyoga huo hurefuka kushuka hadi shambani mwao. Upande wa delta, mchu na mkandaa vinaposimama katika maji ya chumvi, kuvu nyingine huula mti uliokufa kimyakimya, na wachache huzitazama.

Elimu hii mabibi wanayo vinywani. Lakini uwanjani huota uyoga mwingine mweupe, wa kupendeza macho, nao humtapisha vibaya aliyeula. Wataalamu huuita *Chlorophyllum molybdites*. Kofia ikilazwa juu ya karatasi na kufunikwa bakuli usiku kucha, asubuhi huacha unga: wa kichuguu huwa na rangi ya waridi, wa huyu mdanganyifu kijani. Hata hivyo rangi peke yake haihukumu. Daftari hudai pia tarehe, mahali, mti wa jirani, udongo, harufu, na jina walilolitaja wenyeji.

Kwa njia hiyo walifanya kazi Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hata mwaka 2003 wakatoa kitabu cha uyoga wa Tanzania. Kitabu kimoja hakimalizi nchi. Kila kijiji kina ukurasa wake.

Wapenzi wa ushairi wanaijua hali hii. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840, na tungo zake zikaishi midomoni mwa watu hadi Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipozitia katika maandishi. Zile ambazo hakuna aliyezikumbuka siku hiyo hazitarudi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Bibi wa Salale anayeinama penye kichuguu ni diwani nzima. Mjukuu aliye kando yake, mwenye kalamu na daftari la shule, ndiye mwandishi wake. Na mvua haimngojei mtu.