Haikuwa adui, ilikuwa nati

Leo sina somo refu. Nina jambo la kurekebisha, na ili nilirekebishe inabidi nizungumzie pikipiki.

Mnaijua pikipiki ya kanisa, ile Boxer nyekundu. Ndiyo inayonipeleka kila Jumatano kwenye ushirika wetu mdogo wa Funzi. Kutoka Msambweni nashika lami, naiacha, naingia barabara ya vumbi hadi Bodo, naiegesha chini ya mkorosho halafu napanda boti. Vumbi njiani, chumvi ufuoni. Wewe unayeishi pwani unajua chumvi inavyokula chuma. Leo unafuta cheni, keshokutwa ina rangi ya matofali.

Mwaka jana tulipokaa kupitia hesabu, mama mhazini alisoma matumizi ya mwezi, akafika kwenye pikipiki, akavua miwani. Akasema, "Baba mchungaji, hii piki inakula kuliko mayatima wetu." Hakusema kwa ubaya. Mwezi ule tulimlipa fundi shilingi 3,400, petroli mbali. Wazee walicheka. Mimi sikucheka. Ukisoma 2 Wakorintho sura ya 8 utaona jinsi Paulo alivyokuwa mwangalifu na michango ya watu, hakutaka apatikane wa kumnyooshea kidole. Nililala na jambo hilo usiku kucha.

Basi nikanunua seti ya spana, nikaanza kujifunzia uani Jumamosi jioni, suruali ya zamani, watoto wananiangalia.

Na kweli, mpendwa, kazi nyingi tunazomlipia fundi zinaweza kufanywa nyumbani. Chukua oili. Washa injini dakika chache ipate joto, isiwe ya kuunguza. Weka beseni chini, fungua bolti ya kumwagia, iache itoke yote bila haraka. Pitisha kidole kwenye ile oili ya zamani. Ukikuta chembe za chuma zinazometa, huo si ugonjwa wa kutibu uani, mpeleke kwa fundi. Ukirudisha bolti usiikaze kwa hasira, kwa sababu sehemu ile ya injini ni aluminiamu na nyuzi zake zinakatika upesi. Halafu jaza kidogo kidogo ukiangalia kipimio. Oili nyingi kupita kiasi nayo ni hasara. Ile ya zamani itie kwenye mtungi uipeleke gereji, tafadhali. Nimeona watu wakiimwaga mikokoni kule Bodo, mahali pale pale wanaponunua kaa.

Plagi nayo inasema. Ikiwa na rangi ya kahawia, injini inapumua vizuri. Ikiwa nyeusi na ina masizi, angalia kichujio cha hewa kwanza, maana kwa vumbi letu kinaziba upesi na pikipiki inaanza kunywa petroli kama ng'ombe. Kama kichujio ni cha sponji, kioshe kikauke kabisa. Cha karatasi usikioshe, kipulize tu au ununue kingine.

Na cheni. Isafishe kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, ifute, ndipo uitie oili. Ukiishika katikati kwa chini ukaiinua, icheze kama sentimita tatu. Ikizidi, unalegeza nati kubwa ya ekseli ya nyuma, unazungusha virekebishi viwili, kulia na kushoto sawasawa kwa kufuata alama, kisha unaikaza ile nati. Shikeni hapo kwenye nati, nitarudi.

Kuna siku nilikuwa Funzi nangoja maji yajae nivuke. Mzee mmoja alikuwa ameipweleza mashua yake mchangani wakati wa bamvua, anaikwangua chini, anagonga pamba kwenye mianya ya mbao kwa chembeu na nyundo. Kando yake kulikuwa na kopo la mafuta ya papa, yale wanayoyaita sifa. (Nilicheka. Sisi tunampa Mungu sifa, wao wanaipaka mashua.) Nikamuuliza, "Shikamoo mzee, mashua inavuja?" Akaitikia, akasema, "Marahaba mwanangu. Haivuji. Ikishavuja utakuwa uko wapi wewe?" Akaendelea kugonga.

Nilirudi na neno hilo hadi kwenye Mithali 27:23, pale mwenye mifugo anapoambiwa aijue vizuri hali ya kundi lake. Wengi wetu tunaijua hali ya pikipiki siku inapokufa njiani. Fundi akiishika yeye, unalipa, unapanda, huoni kitu. Ukiishika mwenyewe unaona waya uliochubuka, tairi lenye mwiba, spoku iliyolegea. Mwezi wa tatu matumizi yalishuka hadi shilingi 1,100. Mama mhazini alisoma hesabu bila kuvua miwani.

Nami nikavimba kichwa. Nikahubiri juu yake. Nikawaambia vijana kwamba anayempelekea fundi oili ya kubadilisha anatupa pesa. Jumamosi uani pangu palijaa pikipiki sita, saba. Hakuna aliyemkumbuka yule kijana mwenye banda la makuti kando ya barabara, aliyekuwa akitutengenezea sote. Mimi mwenyewe nilimpita mara nyingi nikimpigia honi.

Jumamosi moja nilikuwa narekebisha cheni. Nimelegeza nati, nimezungusha virekebishi, nimerudisha nati kwa vidole, simu ikalia kwamba mgonjwa wetu amezidiwa. Jirani alinichukua kwa gari, nikarudi usiku wa manane. Jumapili ibada, Jumatatu mazishi. Jumatano nikaifuta vumbi, mama yenu mchungaji akapanda nyuma na mfuko wa Biblia za watoto wa Funzi, tukaondoka.

Namshukuru Mungu haikutokea kwenye lami. Tulikuwa kwenye vumbi, karibu na Bodo, mwendo wa taratibu kwa sababu ya mchanga. Nilisikia mlio, gurudumu la nyuma likapinda, cheni ikatoka ikajisokota, gurudumu likashika. Tukaanguka ubavu. Mimi nilichubuka kiganja. Mama yenu goti lilipasuka. Nyuzi saba.

Kijana wa bodaboda alisimama, akampigia fundi aje na vifaa. Fundi ni nani? Yule yule wa banda la makuti. Alichuchumaa, akaigusa nati, ikazunguka kwa kidole. Akaniangalia. "Pasta, hii nati ulikaza na mkono?" Sikumjibu. Alitengeneza, akakataa pesa kwa sababu ya mgonjwa. Zile tulizookoa miezi mitatu karibu zote ziliishia kwenye nyuzi na dawa.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Jumapili ile mnakumbuka nilitoa ushuhuda. Nilisema adui alitaka kutuzuia tusifike Funzi, akaiangusha pikipiki, lakini Bwana akatulinda. Mlipiga vigelegele. Wengine mlilia. Mama yenu alikaa kiti cha mbele, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, na hakupiga makofi. Nyumbani hakuniambia neno, na mwanamke asiposema neno siku nne, wenye ndoa mnaelewa.

Bwana alitulinda, hilo silirudishi. Hilo la adui nalirudisha. Haikuwa adui, ilikuwa nati ambayo mimi, kwa mikono yangu, sikuikaza, na nilisimama madhabahuni nikamsingizia shetani kwa sababu niliona aibu mbele yenu baada ya kujisifu. Nimeshawaambia wazee wa kanisa. Nimeshamwomba mama yenu msamaha. Sasa nawaomba nyinyi, pamoja na mliokuwa mmeshiriki ule ushuhuda kwa simu. Kama mlimtumia mtu, mtumieni na huu.

Nilikwenda pia kwa yule fundi. Yeye si wa kanisa letu, lakini ana marafiki humu, na habari zilimfikia. Kabla sijakaa aliniambia, "Pasta, nasikia alikuwa shetani." Nilikaa kwenye tairi lake kuukuu nikakosa pa kutazama. Tulizungumza muda mrefu. Nilimuuliza kazi inaendaje. Akasema Jumamosi siku hizi analala mchana.

Hivi ndivyo tulivyopatana. Oili, kichujio, plagi, usafi wa cheni, bado nafanya mwenyewe, na vijana wangu vilevile. Injini, klachi na viatu vya breki ni vyake. Na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi anakuja uani, anapita pikipiki moja moja na spana yake, nati kwa nati, bolti kwa bolti. Kanisa linamlipa shilingi 300 kwa Boxer, kila kijana anatoa 100 kwa yake. Mwezi uliopita aliikuta breki ya kijana mmoja wa kwaya, mwenye anajijua, imefungwa kwa waya wa kuanikia nguo. Jumla ya matumizi ya kanisa mwezi huo ni shilingi 1,650. Mama mhazini ana karatasi, anayetaka kuona aende.

Na wewe ukiitwa katikati ya kazi, usiende kabla hujafunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Ni mbinu ya fundi, nami nimeichukua. Piki yenye kitambaa haipandwi.

Jumatano iliyopita mama yenu alipanda tena kwa mara ya kwanza. Alitoka na mkoba wake, akasimama kando ya gurudumu la nyuma, akainama akaangalia.

"Umekaza?"

Nikamwambia nimekaza.

Akaweka mkoba chini. "Leta spana."