Utepe wa Nyaya Arobaini

Mara ya kwanza nilipouona ule utepe wa kijivu ukining'inia ndani ya kasha la kompyuta, jambo lililonijia akilini halikuwa umeme wala hisabati, bali ukili wa bibi yangu. Kwani ulikuwa bapa vilevile, ukikunjika pembeni bila ya kukatika kama ukili unavyokunjika, na tafauti pekee niliyoiona kwa haraka ile ni kwamba ukili husukwa kwa miaa ya mkindu, ilhali huu ulikuwa nyaya arobaini nyembamba zilizolazwa ubavu kwa ubavu, na ule wa ukingoni umetiwa rangi nyekundu. Hayo yalikuwa mwaka 1998, katika chumba cha chini cha nyumba moja ya Mkunazini, Unguja, ambamo fundi mmoja aliyekuwa zamani akitengeneza redio alifungua karakana ya kompyuta, nami nikapelekwa kwake na ami yangu ili nijifunze kazi badala ya kuzurura Darajani.

"Shikamoo, fundi," nilisema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu, mchanga hatuutaki humu."

Kompyuta zilizotufikia aghlabu zilikuwa zimekwishatumika ng'ambo, na kila kasha tulilolifungua (kasha ambalo mjini kwetu watu wote huliita sipiyu, ingawa sipiyu yenyewe ni kijidude kimoja tu kilichomo ndani) lilikuwa na tepe mbili au tatu zilizotanda mbele ya macho kama mapazia, hata mtu asiweze kuiona mazabodi, kibao kikuu ambacho tepe hizo zilikiunganisha na diski, mpaka azisogeze kwa vidole. Somo la kwanza lilikuwa maneno matatu: chekundu kikitazame chekundu. Maana yake ni kwamba ule waya mwekundu wa ukingoni ndio waya nambari moja, nao hauna budi ukae upande wa plagi ya umeme ya diski, ambayo nayo ina nyaya nne, mmoja wa manjano, mbili nyeusi na mmoja mwekundu; wekundu wa huku ukielekeana na wekundu wa kule, basi kazi imesimama. Aliyeugeuza utepe hakuona moshi wala cheche. Aliona diski haitajwi kwenye kioo, na ikiwa ni utepe wa flopi, kile kisomeo cha diski laini, aliiona taa ya flopi ikiwaka moja kwa moja bila ya kuzimika, kama mtu aliyeshangaa.

Siku ya tatu nilichomoa utepe kwenye diski, nikahesabu pini zake, safu mbili za ishirini ishirini, nikakuta thelathini na tisa. Nilihesabu tena kwa ncha ya bisibisi, jasho likinitoka, kwa kuwa palikuwa na pengo dhahiri katikati ya safu moja, na diski ilikuwa mali ya mtu. Nikaona bora nikiri kabla ya kuulizwa.

"Fundi, nimevunja pini."

Aliipokea diski, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akacheka mpaka akaivua miwani. "Hiyo haikuvunjika, mwanangu. Hiyo haikuzaliwa."

Ndipo aliponionyesha kwamba pini ya ishirini huachwa kwa makusudi, na tundu lake katika kichwa cha utepe huzibwa, ili mwenye pupa asiweze kukichomeka kichwa hicho kinyume. Hikima njema, lau kama watengenezaji wote wangeliifuata; lakini tepe nyingi zilikuja na matundu yote wazi, na mazabodi za zamani zilikuja na pini zote arobaini, hata utepe uliozibwa ukakataa kuingia, na hapo fundi huikata ile pini isiyo na kazi kwa koleo ndogo, akipiga bismillahi. Ama pini iliyopinda, dawa yake ilikuwa ganda la kalamu ya wino lililotolewa utumbo: huivika pini kwa tundu la ncha, ukainyosha polepole, kwani ukiilazimisha mara mbili hukatika kweli.

Mfumo huu wa kuunganisha diski kwa utepe uliasisiwa mwaka 1986 na Western Digital kwa ushirikiano na Compaq, ukaja kupewa kanuni rasmi huko Marekani mwaka 1994 kwa jina la ATA, na kilichokuwa kipya ndani yake ni kwamba akili ya kuiongoza diski, iliyokuwa zamani ikikaa katika kadi mbali, ilihamishiwa katika diski yenyewe. Utepe mmoja uliweza kubeba diski mbili, na ili zisigombane, moja ilipewa cheo cha bwana na ya pili cheo cha mtumwa, kwa kuhamisha jampa, kidude cha plastiki kiasi cha punje ya mchele, ambacho fundi alikihifadhi pamoja na wenzake katika kopo la dawa ya kikohozi. Ukisahau, zikawa zote mabwana, aghlabu hakuna hata moja iliyoonekana, na saa nzima ilipotea kwa kutafuta ugonjwa usiokuwapo.

Maneno hayo mawili, bwana na mtumwa, fundi hakuyatamka kwa Kiswahili hata siku moja. Karakana ilikuwa mwendo wa dakika chache kutoka mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, mahali ambapo sasa lipo kanisa kuu la Waanglikana, na wageni walipita mlangoni petu mchana kutwa wakielekea huko na kamera zao. Yeye alisema kaka na mdogo, akaandika herufi K na M kwa kalamu ya risasi juu ya kila diski, na nilipomuuliza kwa nini hafuati kitabu, akajibu kwamba kitabu kimekosea. Wakati ule nilidhani anatania. Baadaye, nilipoisoma kanuni yenyewe, niliona alikuwa na haki: ile iitwayo bwana haiiamrishi iitwayo mtumwa jambo lolote, kwani kila moja ina akili yake, zimegawana njia tu, moja ikizungumza nyingine hunyamaza. Hao ni majirani waliochangia ukumbi.

Flopi ilikuwa na adabu nzuri zaidi kuliko diski hizo. Utepe wake ulikuwa na nyaya 34, na kabla ya kichwa cha mwisho nyaya saba kati ya hizo zilitengwa zikapinduliwa, hata utepe ukawa na fundo kama ukili uliokosewa. Flopi iliyochomekwa baada ya fundo ikawa A, na iliyochomekwa kabla yake ikawa B, bila ya jampa wala cheo. Nilipenda sana kuwaonyesha wanafunzi wapya fundo lile, nao daima walidhani ni kasoro.

Kisha zikaja diski zenye mbio za megabaiti 66 kwa sekunde, na utepe wa arobaini ukaelemewa, maana nyaya zikilala karibu karibu na ishara zikienda kasi, mmoja huusikia mwenziwe na habari huchanganyika. Waliotaalamika wakaingiza waya mwingine baina ya kila waya na waya, usiobeba neno lolote, wa kusitiri tu, ikawa themanini ndani ya upana uleule, na matundu yakabaki arobaini. Utepe mpya ulikuwa laini mkononi kama hariri, na vichwa vyake vilikuwa na rangi: buluu kwa mazabodi, cheusi mwishoni kwa diski ya kwanza, kijivu katikati kwa ya pili. Urefu haukuongezeka, kanuni ilikuwa inchi 18, na wenye makasha marefu walilazimika kuuvuta utepe kama kamba ya ngalawa.

Mwaka 2003 ndipo zilipoanza kuuzwa diski za SATA, nami nilipoupokea waya wake mwembamba mwekundu niliugeuza geuza nikitafuta uliobaki. Nyaya saba! Na zikaenda megabaiti 150 kwa sekunde, ilhali utepe katika ukomo wa nguvu zake ulifika 133. Siri yake niliielewa kwa kuwatazama wachukuzi wa Mji Mkongwe: utepe ulipeleka habari kama wachukuzi kumi na sita waliopanga safu moja na kutakiwa wafike mlangoni kwa pamoja, na kadiri walivyokimbia ndivyo ilivyokuwa vigumu kulingana, ilhali SATA ilimtuma mmoja baada ya mwingine, mbio, katika kichochoro kisicho na mtu. Kila diski ikapata waya wake, na kaka na mdogo wakaachana bila ya ugomvi. Katika mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, idara moja ya Kaunti ya Los Angeles iliwaandikia wauzaji wake wa vifaa kuwaomba waepuke yale majina ya bwana na mtumwa, na magazeti ya dunia yakacheka. Nilimsomea fundi habari hiyo, naye hakucheka, akaendelea kunyosha pini.

Fundi ametangulia mbele ya haki, na karakana ninayo mimi. Diski za leo nyingi ni vibao vyembamba vinavyofungwa kwa skurubu moja juu ya mazabodi, bila ya waya wowote, na vijana wangu hawajui ukili wala utepe. Lakini nimeweka mashine moja ya zamani yenye tepe zake, kwa ajili ya wanaokuja na diski za enzi zile wakitafuta picha za harusi au sauti ya mzee wao. Basi msomaji, ikiwa unayo diski kama hiyo kabatini, usiitupe, na usiing'oe jampa yake. Na ikiwa imekwishaanguka, njoo hivyohivyo, kopo la dawa ya kikohozi bado lipo na limejaa.